Matairi Manne ya Mama Sadiki

Mnapopita mbele ya nyumba yangu mnasema shikamoo, nami naitikia marahaba. Adabu yenu naiona, sitawadhulumu. Mikono yenu imejaa ule weusi wa mpira usiotoka hata kwa sabuni ya magadi, na nikiuona moyo unaniuma, maana weusi ule ulikuwa wangu miaka mingi kabla mgongo haujakataa kuinama. Mnadhani nimekaa hapa napunga upepo. Nimekaa hapa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yenu.

Nilianza kufunga matairi sina ndevu, nikaacha ndevu zote nyeupe. Nimefunga Ujiji, nimefunga Mwanga, nimefunga ya baiskeli, ya pikipiki, ya malori ya mahindi kutoka Kasulu. Fundi wa injini huitwa fundi. Fundi wa umeme huitwa mtaalamu. Sisi tuliitwa "wewe wa pancha", mpaka leo. Mtu anamwamini fundi injini kama daktari, lakini kwako wewe anakuja na tairi lake alilolichagua mwenyewe, anakuelekeza pa kulifunga, na ukifungua mdomo anaangalia saa. Hiyo ndiyo kazi mliyoichagua. Msije mkasema hamkuambiwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, mtu wa Ujiji, mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuita wavuvi waliokwisha ondoka. Siku ya kwanza alinipa tairi kuukuu akaniambia nilinuse. Nikadhani ananitania. Akasema, "Nusa, bwana mdogo. Mpira mzima una harufu. Mpira uliokufa haunuki kitu." Kisha akanionyesha kubonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: tairi lenye uhai linakubali ukucha halafu linarudi, lililokufa linakukatalia kama gome la mti. Akanionyesha kulikunja ubavuni na kutazama nyufa zile nyembamba zinazojificha karibu na rimu. Akanionyesha tarakimu ndogo zinazosema lilitengenezwa lini. Watu hutazama kashata tu, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, wakiziona ndefu wanasema tairi jipya. Tairi linaweza kuwa na kashata ndefu na likawa limezeeka stoo kuliko wewe unayelinunua.

Alikuwa akiweka kiganja chake chini kwenye lami na kusema, "Gari lote hilo, na watoto walio ndani, limeshika ardhi kwa viganja vinne kama hiki. Hakuna kingine." Mpaka leo nikiona gari limejaa familia, naviona viganja tu.

Mteja aking'ang'ania kufungiwa tairi bovu, Mzee Sefu hakubishana. Alilaza lile tairi chini, akalikalia, akaagiza kahawa. "Hiki ni kiti changu sasa," alisema. "Mwenye kutaka kufa akatafute kiti kingine." Wengine walicheka wakakubali kununua zuri. Wengine waliondoka wakitukana. Tulipoteza wateja wengi kwa kiti kile, na Mzee Sefu alikufa hana hata shuka la pili. Wale waliofunga kila walicholetewa wana nyumba za ghorofa Mwanga. Sisemi hivi kuwafariji.

Ngoja niwachekeshe kidogo, maana mnapenda kuchekeshwa. Kuna ndugu mmoja wa Simbo, Muha wa watu, mwenye gari dogo la familia lililokuwa na umri wa kuamkiwa shikamoo. Alikuwa na harusi ya binti yake. Alitaka gari ling'ae, na kwetu hapa mtu akitaka kitu king'ae anafikiria nini? Mawese. Akayapaka matairi yote manne mawese, ndani nje, jioni nzima, na mkewe akimsaidia kwa kitambaa. Asubuhi kweli yalikuwa meusi yanang'aa. Lakini kufika Ujiji yalikuwa mekundu kwa vumbi, na sisimizi walikuwa wamepanda toka uani kwake, wanazunguka na gurudumu kama wamepewa lifti. Alikuja kwangu wiki kadhaa baadaye.

"Mwakeye, mzee," akanisalimia kwa Kiha. "Tairi zangu zimekuwa laini, sijui zina homa?"

"Umezipaka nini?"

"Mawese tu. Ya kwangu mwenyewe, hayakuchanganywa na kitu."

Mafuta yanakula mpira, vijana. Yanaulainisha, yanauvimbisha, kisha yanaupasua. Ya kupikia, ya breki, ya taa, yote. Yule ndugu alinisikiliza, akaenda kununua mengine. Hakununua mazuri sana lakini alinunua manne ya aina moja, saizi moja, na hakuyapaka kitu. Namkumbuka kwa wema. Ndiye mteja wa mwisho ninayemkumbuka aliyenisikiliza bila kuangalia saa.

Sasa nije kwenye hasira.

Nina dada yangu, mdogo wangu wa tumbo moja, Mwajuma. Anakaa Kasingirima. Watu wanamwita Mama Sadiki kwa jina la mwanawe wa kwanza. Baada ya Sadiki ana Rehema, kisha Hassani, na wa mwisho ni Zuwena, ambaye ndiye anayeishi naye. Mumewe alipofariki aliacha gari dogo jeupe, la zamani, bodi imeanza kula kutu milangoni lakini injini yake nzima. Gari lile ndilo lililokuwa miguu ya Mwajuma. Lilimpeleka hospitali kwa ajili ya presha, lilimpeleka misibani, na zaidi ya yote lilimpeleka Simbo kwenye michikichi yake. Ile michikichi aliipanda na marehemu. Alikuwa hawezi kukaa wiki mbili bila kwenda kuiona, asimame katikati yake, awagombeze wakamuaji mawese, arudi nyumbani na furaha. Zuwena ndiye aliyekuwa akiendesha.

Matairi ya gari lile yaliisha. Niliyatazama mwenyewe, mkongojo mkononi. Mbele yalikuwa vipara, nyuma yalikuwa na nyufa ubavuni. Nikamwambia Mwajuma, "Haya yamemaliza kazi. Waambie wanao."

Akawaambia. Na wanawe, nisiwasingizie, ni watoto wanaompenda mama yao. Hapo ndipo msiba ulipoanzia. Wangekuwa hawampendi, mmoja angenunua manne ya bei nafuu kwa kunung'unika na mambo yangekwisha.

Mnajua mambo ya radhi ya mama. Mtu anataka mama akae, amtaje kwa jina, aseme, hiki kanipa mwanangu fulani. Kitu cha kuchangia hakina jina. Ukichanga na ndugu zako, mama ataomba dua ya jumla, nani anataka dua ya jumla? Basi wakakubaliana, kwa simu, wenyewe kwa wenyewe, kwamba gari lina magurudumu manne na watoto wako wanne. Kila mmoja alete tairi lake.

Nilipoambiwa nilicheka, nikidhani ni utani. Halafu matairi yakaanza kufika.

Sadiki, mfanyabiashara wa Mwanga, alileta jipya kabisa, bado lina vile vinywele vya mpira. Lakini lilikuwa kubwa, la saizi ya gari lake mwenyewe, kwa kuwa alitaka la mama lisiwe dogo kuliko lake. Rehema alinunua mtumba huko Kasulu, lenye kashata nene za kutisha, akasema hili litapita kwenye tope lolote. Nikalibonyeza kwa ukucha, likanikatalia. Lilikuwa tairi la theluji, lililotengenezwa kwa nchi zenye barafu, likazeeka huko, likaletwa kwetu likazeeka tena. Kashata zile watu wanazipenda sana. Zikiwa changa zinalika upesi kwenye lami ya joto, na zikizeeka zinakuwa ngumu, barabara ikilowa zinateleza kama sabuni. Hassani alituma kutoka Dar jipya la saizi halisi ya gari la mama, zuri, lisilo na kasoro. Na Zuwena, ambaye anauza dagaa na kumwogesha mama, alipata mtumba uliokaribia kuwa kipara, umepakwa rangi nyeusi na muuzaji ili ung'ae.

Niliwaita. Mimi ni mjomba wao, na mjomba kwetu ana neno. Sadiki na Zuwena walikuja nyumbani, wengine wawili wakawa kwenye simu iliyowekwa mezani. Nikawaambia kwa upole, na Mungu anajua upole si tabia yangu.

"Wanangu, gari halivai matairi ya aina nne. Moja refu, moja gumu, moja zima, moja limeisha. Siku ya jua mtaenda na kurudi, mtaniona mzee mwoga. Siku ya mvua mkikanyaga breki, kila moja litashika kwa namna yake. Moja litashika, jingine litakataa, na gari litageuka. Uzeni haya, changeni, nunueni manne yanayofanana. Kama hayawezekani manne, nunueni mawili yanayofanana, tuyafunge nyuma."

Sadiki akashtuka. "Nyuma, mjomba? Mazuri nyuma?"

"Nyuma. Ya mbele yakiteleza, gari linakwenda mbele na dereva anahisi kwenye usukani. Ya nyuma yakiteleza, mkia unakutangulia na hakuna unaloweza kufanya."

Hili, vijana, lishikeni hata mkisahau mengine yote. Nusu ya mji huu inafunga mazuri mbele kwa sababu mbele ndiko wanakotazama. Nyuma ndiko wanakokaa watoto.

Rehema akasema kwenye simu, "Mjomba, sasa hayo mawili yatakuwa ya nani?"

"Ya gari," nikasema.

Nikasikia mmoja anacheka, sijui nani. Sadiki akasema, kwa heshima zote, "Mjomba, kila mtu na thawabu yake. Tusianze kuchanganya."

Nikamgeukia Mwajuma mwenyewe. Nilitegemea yeye atanisaidia. Tumelelewa nyumba moja, alikuwa akinisikiliza tangu tukichota maji ziwani. Akanishika mkono. "Kaka, waache. Wote wanne wamenikumbuka. Nikipita barabarani nitajua nimebebwa na wanangu wote."

Ningejibu nini? Niambieni ninyi. Mwenye gari ni yeye, mwenye watoto ni yeye.

Nilikataa kuyashika yale matairi. Wakayapeleka gereji ya kijana mmoja huko Mwanga, simtaji, wengi wenu mnafanana naye. Na kule, kama kwamba haitoshi, wakayapanga kwa uzazi. Sadiki mkubwa, la kwake mbele kulia, chini ya dereva. Rehema mbele kushoto. Hassani nyuma kulia. Zuwena, mtoto wa mwisho na kipara chake, nyuma kushoto. Waliyapanga kama watu wanaokaa mkekani kusubiri sahani. Mwajuma aliwaita majirani waje waone. Alizunguka gari akiligusa kila tairi na kulitaja mwenyewe. Niliambiwa alilia kwa furaha, nami nasadiki.

Kiangazi kizima gari lilikwenda. Lilivuta upande kidogo, Zuwena akalizoea. Nilipokutana na Sadiki msikitini alikuwa akiniuliza afya kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Mvua za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu vumbi na mafuta ya miezi yote huelea juu ya lami. Siku ile Zuwena na mama yake walikuwa wanakwenda Simbo kutazama michikichi. Kwenye mteremko, mtu wa baiskeli mwenye mzigo wa ndizi akaingia barabarani. Zuwena hakuwa na mwendo mkali. Akakanyaga breki kama mtu yeyote angekanyaga. Mkia ukatoka, gari likazunguka, likaingia mtaroni kwa ubavu wa kushoto, upande aliokaa mama. Mtu wa baiskeli hakuguswa. Zuwena alipasuka paji la uso. Mwajuma alivunjika nyonga.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba guu lenyewe huweza kuwa la mama yako.

Nilikwenda kwa yule kijana wa gereji. Nilikwenda na ubaya moyoni, mkongojo wangu nimeushika si kwa kutembelea. Akaniamkia vizuri.

"Uliona saizi hazilingani?" nikamuuliza.

"Niliona, mzee."

"Uliona lile la theluji, na lile kipara?"

"Niliona."

"Ukafunga."

Akatazama chini. "Mzee wangu, we' unajua. Ningekataa wangeenda gereji ya jirani. Wangefungiwa tu. Mi ningekuwa nimekosa kazi na mama angeanguka vilevile."

Jibu hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwa sababu ni la kweli. Nimelitafutia jawabu sijalipata. Ninachojua ni kwamba Mzee Sefu angelikalia lile tairi, na pengine wangechoka, pengine wangecheka, pengine ingenyesha wakaahirisha. Pengine. Nyinyi siku hizi hamkalii kitu. Mna mashine ya kuvua tairi kwa dakika moja, mna mashine ya upepo, mna mashine ya balansi yenye taa, na hamna neno la kumwambia mteja. Sisi tulikuwa na mitaimbo na midomo.

Watoto wote wanne walikusanyika baada ya mama yao kutoka hospitali. Nikadhani wamekuja kumuuguza. Wakaanza kwa kutafuta tairi lenye kosa. Gari lilikuwa limevutwa hadi uani, na Sadiki akaniita nije nitoe hukumu, mimi yuleyule aliyekuwa mzee mwoga.

"Mjomba, wewe ndiye mjuzi. Tuambie lipi lilipasuka."

Nikazunguka gari. Nilipiga kila moja kwa fimbo. "Hakuna lililopasuka. Yote yana upepo."

"Basi lipi lilisababisha?"

"Yote manne."

Hawakulitaka jibu hilo. Rehema akasema la kwake lilikuwa na kashata nene, haliwezi kuteleza. Sadiki akasema la kwake lilikuwa jipya, risiti anayo. Hassani hakusema kitu, akajua la kwake halina lawama, na aliponyamaza vile nilimwona mbaya kuliko wote. Halafu macho yao yakahamia mahali pamoja, kwa Zuwena, na plasta yake usoni. Kipara kilikuwa cha kwake. Usukani ulikuwa mikononi mwake. Sadiki akasema taratibu, kama anayesoma hati, "Basi ni la Zuwena." Na wakakubaliana, hatimaye kitu kimoja walichokichanga pamoja.

Nikapiga kelele. Niliwaambia lile kipara lingekuwa na wenzake watatu kama lenyewe, gari lingeteleza moja kwa moja na kusimama. Nikawaambia lililolizungusha gari ni kutofanana, na kutofanana huko wamekuleta wote. Zuwena alikuwa ameinamisha kichwa na kushika pindo la khanga. Wale wengine walikuwa wananiangalia kwa huruma, jinsi mnavyomwangalia mzee aliyeanza kusahausahau. Kisha wakaondoka, kila mmoja kwake, na aliyebaki kumgeuza mama kitandani ni yuleyule mwenye kosa.

Mwajuma hatatembea tena vizuri. Daktari alisema hivyo, na umri wake unasema hivyo. Michikichi inasimamiwa na watu, na watu wanaiba. Gari limewekwa juu ya matofali.

Nilikwenda kumwona siku waliyoondoka. Zuwena alikuwa jikoni. Mwajuma akaniashiria nikae karibu, akanong'ona ili binti asisikie.

"Kaka, Sadiki ameniambia tairi la Zuwena lilipasuka. Ni kweli? Usinifiche. Nataka kujua kabla sijafa na kitu moyoni juu ya mtoto huyu."

"Si kweli," nikamwambia. "Nimeyapiga mwenyewe. Yote manne ni mazima, yana upepo mpaka sasa hivi."

Akafumba macho. Nikaona uso wake unalegea, ule uso uliokuwa umekazwa na maumivu tangu siku ile.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi hakuna mwanangu aliyenipa kibaya."

Nilimfunika miguu kwa khanga, nikaenda jikoni kumsaidia Zuwena kubeba maji.